Kusubu Sanamu Ndogo ya Bronzi kwa Umbo la Karara la Mnazi: Mwongozo Kamili

Ukipita mashamba ya nyuma ya mji wa Lamu baada ya mkwezi kushuka, utakuta makarara yamelala chini ya minazi kama vidau vilivyopwelewa. Wengi huyaokota ya kuwashia moto. Mimi huyaokota kwa sababu ya mpasuko wake. Karara ni ganda gumu linalolikumbatia kole, yaani shada la maua na nazi, likiwa changa, na siku kole linapotaka kutoka, ganda hupasuka kwa urefu, upande mmoja tu, kingo zikajikunja na kuliachia. Mpasuko huo ndio somo la mwongozo huu.

Tutatengeneza sanamu ya bronzi yenye kimo cha sentimita 11 hivi, uzito usiofika kilo moja, ya kushikika kwa mkono mmoja. Haitakuwa mfano wa karara. Mtu akiiona asiseme "hili ni karara". Aseme kuna kitu hapa kinafunguka. Tutaichonga kwa nta, tuivike kalibu ya udongo, tuiyeyushe nta itoke, kisha mahali pa nta tumimine bronzi. Hesabu wiki tano au sita. Kazi ya mikono yenyewe ni siku chache; zilizobaki ni za kungoja udongo ukauke, na hizo hazipunguziki.

Njia hii si ngeni kwetu. Ingia Makumbusho ya Lamu pale mbele ya forodha uiangalie siwa ya shaba, baragumu la watawala wa zamani, iliyosubiwa kwa njia hiyo hiyo ya nta. Na kisiwani Pate, mahame ya Shanga yalipochimbwa miaka ya 1980 na timu ya mwanaakiolojia Mark Horton, alipatikana simba mdogo wa bronzi wa kukaa kiganjani, wa kadiri ya karne ya 11. Kitu kidogo kama hicho kimekaa ardhini miaka mingi na bado mtu akikishika anajua mkono wa fundi ulipita wapi.

Kuhusu umbo kuwa la kufumbwa badala ya sura ya kiumbe, huku kwetu hilo halihitaji kuelezwa sana. Tazama nakshi za milango na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba za mawe: maua yaliyogeuzwa mviringo, majani yaliyogeuzwa mstari, na hakuna kiumbe chenye roho. Wachonga nakshi wa Lamu waliijua kazi ya kulitoa jani katika jani muda mrefu kabla Barbara Hepworth hajaanza kusubu bronzi miaka ya 1950, au Henry Moore hajajaza karakana yake mifupa, mawe na makome ya kumfunza maumbo. Nawataja hao, wachonga sanamu wa Uingereza, kwa heshima, kwa sababu kazi zao zinafaa kutazamwa. Lakini mwalimu wa karibu ni mlango wa jirani yako.

Hatua ya kwanza: kutafuta kitenzi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kabla nta haijaguswa. Mtu huokota kome zuri, akalichora, akalirahisisha kidogo, akalisubu. Anachopata ni kome lisilo na pambo lake, na kome la kweli linabaki kuwa zuri zaidi. Kosa ni kulichukua jina la kitu. Chukua kitenzi chake. Kome linajizungusha. Mche wa mkoko unaning'inia, kisha unadondoka na kujichoma topeni. Tumbawe linagawanyika. Karara linapasuka na kuachia. Ukishakipata kitenzi kimoja, shika hicho tu, na kila uamuzi unaofuata ukipime nacho: je, hapa sanamu bado inapasuka?

Okota makarara matatu au manne, moja likiwa bado bichi na limefunga, moja limeanza kufunguka, moja limekauka kabisa. Keti barazani, fumba macho, ulipapase kila moja kwa dakika kumi. Utagundua mambo ambayo jicho lilikuficha: kwamba ganda ni nene kwenye shina na linapungua kuelekea ncha, kwamba nyuzi zake zote zinakwenda urefu, kwamba mpasuko hauko katikati kamili, na ukingo mmoja umejikunja zaidi ya mwenzake. Huo usawa uliokosekana ndio uhai wake. Usiusawazishe.

Ukipendelea makome badala ya karara, okota yaliyokufa yaliyosukumwa na maji, na usichukue chochote ndani ya hifadhi za bahari, iwe Kiunga huku kwetu au ile ya Malindi.

Hatua ya pili: vijisanamu kumi vya udongo

Chukua udongo wa mfinyanzi, ufinyange vijisanamu kumi vya ukubwa wa kidole gumba. Kila kimoja kisizidi dakika tano. Usivikwangue wala kuvipamba. Vipange juu ya ubao, vilale usiku mmoja. Usiku huo washa taa moja tu, iweke upande, uviangalie vivuli. Sanamu ndogo haina ukubwa wa kumtisha mtu. Silaha yake ni kivuli na mkono. Kile ambacho kivuli chake kinaingia ndani ya mpasuko na kupotelea humo, chagua hicho.

Hatua ya tatu: nta

Nta ya nyuki ndiyo nzuri kuliko zote. Waaweer wa msitu wa Boni ni warina asali wa tangu jadi, na nta yao hufika mjini ikiwa na rangi ya hudhurungi na harufu ya moshi. Chujio la kitambaa linatosha kuisafisha. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi. Iyeyushe ndani ya sufuria iliyokalia sufuria nyingine ya maji, kamwe isikae moja kwa moja juu ya moto, kwani mvuke wake hushika moto. Ikiwa ngumu mno mkononi, ongeza mafuta ya nazi kidogo sana, kijiko kimoja cha chai kwa robo kilo, ujaribu. Msimu wa joto hutahitaji hata hicho.

Lowesha ubao laini kwa maji, mimina nta juu yake ipate bapa la unene wa milimita 6 au 7. Ikianza kuganda lakini bado inakunjika, ibandue, ikate kipande cha takribani sentimita 11 kwa 12, kisha kikunje kwa viganja viwili. Kikiwa kigumu, kitumbukize katika maji ya uvuguvugu dakika moja. Usikikunje kwa ncha za vidole; ncha za vidole huacha vishimo na umbo huwa la woga. Kunja kwa kiganja chote, kwa pumzi moja.

Sasa unene. Ganda la kweli ni nene chini na jembamba juu, na sanamu ifuate: milimita 8 hivi kwenye shina, ikipungua taratibu hadi 4 kwenye ukingo. Sisitiza neno taratibu. Mahali penye unene unaobadilika ghafla, bronzi hupoa kwa nyakati tofauti, sehemu nene ikajivuta na kuacha shimo au ufa. Chini ya milimita 4 madini yanaweza kuganda kabla ya kufika. Uzuri wa umbo la ganda lililo wazi ni kwamba halihitaji kiini cha udongo ndani, jambo linalomsumbua kila anayesubu kitu kilichofunga.

Malizia kwa kisu chenye moto na mgongo wa kijiko. Ukitaka nyuzi za karara zionekane, zipitishe chache tu, kwa urefu, kwa upande wa nje. Upande wa ndani uache laini kabisa, ili mkono ukiingia ukutane na kitu kingine. Kila alama ya nta itakuwa alama ya bronzi, pamoja na alama ya ukucha wako. Kukwangua nta ni dakika moja, kukwangua bronzi ni asubuhi nzima. Kwa hiyo usiondoke kwenye nta mpaka umeifumbia macho, umeizungusha mkononi, na hakuna mahali kidole kinapojikwaa.

Ipime. Sanamu hii itakuwa na gramu 90 hivi. Iandike namba hiyo ukutani.

Hatua ya nne: mfereji, kikombe na njia za hewa

Bronzi inahitaji mlango wa kuingilia na hewa inahitaji mlango wa kutokea. Geuza sanamu kichwa chini. Kwenye shina, sehemu iliyo nene kuliko zote, ungia kijiti cha nta chenye unene wa milimita 10 hadi 12: huo ni mfereji mkuu. Juu ya mfereji weka kikombe cha nta kama kikombe cha kahawa chungu, ndimo utakamomimina. Madini yaliyobaki ndani ya kikombe na mfereji hupoa mwisho, na sanamu inapojivuta hunyonya kutoka humo. Ndiyo maana mfereji usiwe mwembamba kuliko sehemu unayoilisha.

Kisha, kutoka kwenye ncha na kwenye kila kona ya ukingo ambako hewa inaweza kunaswa, pandisha vijiti vyembamba vya milimita 3 hadi sawa na mdomo wa kikombe. Vitatu vinatosha kwa umbo hili. Laza ulimi wa kisu cha moto kwenye kila kiungio pasibaki ufa, maana udongo ukiingia kwenye ufa utavunjika na kuelea ndani ya bronzi.

Pima tena yote pamoja. Tuseme gramu 130. Bronzi ni nzito kuliko nta mara 9 na ushei, kwa hiyo zidisha kwa 10: kilo 1.3. Ongeza ya kubaki ndani ya chungu cha kuyeyushia na ya kupotea, andaa kilo 1.6.

Hatua ya tano: kalibu ya udongo, samadi na makumbi

Mafundi wa mijini hutumia plasta iliyochanganywa na unga wa silika. Ni njia nzuri, lakini huku kwetu vifaa vya kalibu ya kienyeji viko mlangoni. Waasante wa Ghana hutumia udongo na unga wa makaa kwa tabaka la ndani, na udongo uliochanganywa na nyuzi za mchikichi kwa la nje. Sisi tuna makumbi ya nazi, na tuna punda. Samadi ya punda imejaa nyuzi ndogo zilizokwisha kusagwa. Zikiungua huacha vitundu ambamo gesi hupitia. Ikaushe juani, iponde, ichekeche.

Tabaka la kwanza ndilo litakaloandika uso wa sanamu. Changanya sehemu moja ya udongo laini uliochekechwa kwa kitambaa na sehemu mbili za unga mwembamba wa makaa, pamoja na maji hadi uwe kama uji mwepesi. Pakaza kwa brashi laini, ukiusukuma uji ndani ya mpasuko, ukipuliza mapovu yapasuke. Povu moja likibaki juu ya nta litakuwa kipele cha bronzi. Acha likauke kivulini, halafu rudia, mara tano au sita. Usianike juani: nta italainika na udongo utapasuka.

Tabaka linalofuata liwe na udongo, samadi iliyochekechwa, na mchanga kidogo. Juu yake la mwisho, zito, la udongo, samadi ya punda na makumbi yaliyokatwa vipande vya urefu wa ukucha. Kati ya tabaka hizi mbili zungusha waya wa kufungia ule wa wajenzi. Kalibu ikikamilika iwe na kuta za sentimita 2, mdomo wa kikombe na njia za hewa zikionekana wazi juu.

Neno kuhusu mchanga. Usichukue mchanga wa pwani. Una chumvi, na una vumbi la makome, ambalo ni chokaa, na chokaa kwenye moto mkali hutoa gesi na kuharibu uso wa kazi. Wala usiende kuuchukua kwenye vilima vya Shela: vilima vile ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya kisiwa. Nunua mchanga wa mto, uuoshe, uuanike.

Sasa ngoja wiki mbili kwa uchache. Msimu bora ni kaskazi, Januari hadi Machi, hewa ikiwa kavu. Wakati wa masika hesabu mara mbili. Kalibu yangu ya kwanza niliiona imekauka nje nikaamini imekauka ndani. Unyevu uliofichika ukageuka mvuke, bronzi ikaruka kutoka kikombeni na kuniunguza mkono wa shati hadi kwenye ngozi. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara elfu moja, na hakuna kalibu inayoweza kuyazuia. Tangu siku ile huipima kalibu kila asubuhi kwenye mizani, na ninapoona uzito haupungui tena siku tatu mfululizo, ndipo naamini.

Hatua ya sita: madini

Katika mazungumzo yetu kila kitu chekundu au cha njano ni shaba. Kwa kusubu lazima tutofautishe. Shaba nyekundu ni madini peke yake, huyeyuka kwenye nyuzi 1085. Ukiichanganya na bati unapata bronzi. Ukiichanganya na zinki unapata shaba ya manjano, ile ya mabomba na sinia. Bronzi tunayoitaka ni sehemu 90 za shaba nyekundu na 10 za bati: kwa kilo 1.6, gramu 1,440 za shaba na 160 za bati. Mchanganyiko huu huanza kulainika mapema kuliko shaba tupu na huwa maji kamili karibu na nyuzi 1000, ndiyo maana hutiririka vizuri ndani ya mpasuko mwembamba.

Jihadhari na neno bati. Mabati ya paa ni chuma kilichopakwa zinki, hayana kazi hapa. Lehemu nyingi za zamani zina risasi, nayo ni sumu. Tafuta bati safi kwa wauzaji wa vifaa vya kulehemu, uulize iwe isiyo na risasi. Jihadhari pia na propela za boti: nyingi huitwa bronzi lakini zimejaa zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907, kabla hujafika joto la kumimina. Moshi wake mweupe huleta homa, kifua kubana na kutetemeka usiku kucha.

Shaba nyekundu nzuri ni ya nyaya za umeme. Menya plastiki kwa kisu. Usiichome, moshi wake ni mbaya kwako na kwa jirani. Na nunua kwa mwenye leseni ya chuma chakavu, upewe risiti. Nyaya za shaba huibwa kwenye nguzo na transfoma, na sitaki sanamu iliyotokana na kijiji kilichobaki gizani.

Hatua ya saba: siku ya moto

Usifanye kazi hii ndani ya mitaa. Nyumba zimesongamana na paa za makuti ziko karibu. Nenda shambani, mahali peupe, alfajiri kabla upepo haujaamka. Uwe na watu watatu: mmoja wa kushika chungu, mmoja wa kusafisha uso wa madini na kuelekeza, mmoja wa kusimama na ndoo za mchanga mkavu. Kila mmoja avae viatu vya ngozi vilivyofunga, suruali ya pamba iliyoteremka juu ya viatu, aproni na glavu za ngozi za mchomeleaji, na ngao ya uso. Hakuna champali, hakuna kikoi, hakuna nguo ya nailoni. Ndoo ya maji iwepo lakini mbali, kwa ajili ya mtu akiungua, ambaye mkono wake utamwagiwa maji baridi dakika 20. Maji yasikaribie madini. Na usimimine juu ya sakafu ya saruji, kwa kuwa saruji ina unyevu na ikidondokewa hulipuka. Mimina juu ya mchanga mkavu.

Kwanza kalibu. Igeuze mdomo chini juu ya moto mdogo wa makaa, nta itiririke ndani ya bakuli. Usiharakishe: saa moja au mbili za joto la polepole. Ipime nta iliyotoka, utajua imebaki kiasi gani. Kisha igeuze upande, izungushie makaa zaidi, iache ipande joto kwa saa nne hadi sita mpaka ndani yake, ukichungulia kikombeni kwa umbali, kuonekane wekundu mzito, na hakuna moshi wala masizi mdomoni.

Wakati huo tanuri la pili liwe linawaka. Linaweza kuwa pipa la chuma lililosilibwa udongo wa kuhimili moto, lenye bomba la hewa chini. Mvukuto wa mkono unatosha lakini feni ya kupulizia inaokoa mabega. Makaa ya vifuu vya nazi yana joto kali, changanya na ya kuni. Chungu kiwe cha grafaiti, chenye ujazo mara mbili ya unaohitaji, na kipashwe moto taratibu kabla ya kutiwa kitu. Chungu kipya kikipigwa na joto la ghafla hupasuka.

Tia shaba nyekundu kwanza. Juu yake weka vipande vidogo vya makaa vizuie hewa, na unyunyize tinkali, ile ile ya masonara, ikusanye uchafu. Shaba ikiwa maji kamili, tia bati lililopashwa joto kwanza likauke, koroga kwa fimbo ya grafaiti iliyo kavu na moto. Bati hutiwa mwisho kwa sababu likikaa motoni sana huungua na kupotea. Ngoja dakika chache. Bila kipimajoto, alama ni hizi: rangi imetoka wekundu ikawa ya machungwa inayokaribia manjano, uso unang'aa kama kioo kinachotetemeka, na fimbo ikitoka madini hayaigandi. Hapo uko karibu na nyuzi 1100.

Izike kalibu ingali moto ndani ya mchanga mkavu, kikombe kikichungulia. Mshikaji anatoa chungu kwa koleo, mwenzake anavuta taka pembeni kwa fimbo. Mimina kwa uzi mmoja wa unene wa kidole, bila kusita, mpaka madini yachungulie kwenye njia za hewa na kikombe kijae. Ukisita hata kwa pumzi moja, uso wa madini utafanya ngozi na sanamu itakuwa na mstari wa mshono. Huchukua sekunde sita au saba. Baada ya hapo kimya huwa kikubwa, na watu husahau kuwa chungu bado kina moto: madini yaliyobaki yamimine kwenye chombo cha chuma kilichokaushwa motoni, yatafaa siku nyingine.

Ikiwa huna mahali wala watu wa siku hii, hakuna aibu kuipeleka nta kwa fundi wa kusubu Nairobi. Ifunge kwa unga wa mbao ndani ya boksi la kuwekea samaki, na iwe mapajani mwako kuanzia gati la Mokowe upande wa bara, kwa sababu buti la basi wakati wa mchana huilegeza nta ikapoteza kila ulichokichonga.

Hatua ya nane: kuvunja na kukwangua

Acha ipoe saa mbili. Vunja kalibu kwa nyundo ndogo, ukianza mbali na sanamu. Itatoka nyeusi, yenye mifereji kama mizizi. Kata mifereji kwa msumeno wa chuma milimita mbili juu ya ngozi, kisha shusha kilichobaki kwa tupa. Itakuwa imepungua kiasi cha asilimia 2, sentimita 11 zikawa pungufu kwa milimita 2, ambazo hutaziona.

Vipele vya mapovu ving'oe kwa patasi ndogo. Kisha msasa wa maji namba 120, 240, 400. Hapa kirudie kitenzi. Kishawishi ni kuing'arisha yote kama sinia la harusi, na bronzi inayong'aa kote haina ndani wala nje. Mimi huing'arisha ukingo wa mpasuko na sehemu ya ndani tu, hadi namba 600. Upande wa nje huuacha na ukali wa udongo uliouzaa.

Hatua ya tisa: rangi

Ioshe kwa sabuni na maji ya mvua, ikaushe, usiishike tena kwa mkono mtupu. Njia ya upole ni mayai. Chemsha matatu mpaka kiini kigumu, yaponde yakiwa moto, yaweke ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na sanamu iliyoinuliwa juu ya kikombe isiyaguse. Gesi ya salfa itaifanya hudhurungi, kisha nyeusi, kwa saa kadhaa hadi siku nzima. Itoe ukiridhika. Uso wa ndani upitishie msasa namba 600 kidogo, mng'ao wa dhahabu urudi kwenye ukingo.

Utasikia watu wakisifu siki na chumvi kwa ajili ya rangi ya kijani. Huku kwetu usiitumie. Chumvi ikiingia kwenye bronzi hutengeneza unga wa kijani hafifu unaoendelea kula madini ndani kwa ndani, na hewa yetu ya bahari huulisha kila siku.

Ipashe sanamu joto la kukuwezesha bado kuishika kwa kitambaa, uipake nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, uifute ikipoa.

Kitako na utunzaji

Omba kipande cha mbambakofi kwa mchonga milango. Mabaki ya fremu yanatosha. Kitako kisiwe kipana kuliko sanamu. Toboa shina kwa keekee ya milimita 5, lifanyie hesi ya milimita 6, liingie skrubu kutoka chini ya ubao. Iinamishe kidogo upande wa ukingo uliojikunja zaidi.

Nta ipakwe upya kila miezi miwili, na mara moja kabla ya masika. Ukiona nukta ya unga wa kijani hafifu, ikwangue yote kwa kijiti cha mti, osha kwa maji ya mvua mara kadhaa, kausha kwa joto, rudishia nta. Usiifungie kabatini. Iweke kwenye kidaka kilicho kimo cha mkono, wageni waishike. Ukingo wa mpasuko utaanza kung'aa kabla ya sehemu nyingine, kwa sababu hapo ndipo vidole huanzia. Mahali hapo usiparudishie rangi.